Kasi ya Shilingi: Mafunzo Niliyopata kwa Kupima Uwekezaji

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa meza moja na watu wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mafinga hadi Njombe, wakiwa na fedha mkononi na mawazo mawili matatu kichwani. Huyu anataka mashine ya kusaga, yule shamba la miti, mwingine nyumba ya kupangisha, mwingine parachichi. Kila mmoja huja na karatasi ya mapato na matumizi, na kila karatasi inaonyesha faida. Kazi iliyobaki ni kujua faida ipi inamfaa nani, na hapo ndipo nilipokipenda kipimo kinachoitwa kiwango cha ndani cha marejesho, ambacho maofisini wengi hukiita kwa kifupi IRR.

Nakipenda kwa sababu kinamlazimisha mtu aandike tarehe. Lakini nimeona pia kwamba kinapima jambo moja tu, nalo ni kasi ya shilingi: kila shilingi iliyoko ndani ya mradi inakua kwa kasi gani kwa mwaka. Ukubwa wa mradi hakiuoni. Jasho la mwenye mradi hakilioni asipoliandika. Na fedha ikishatoka mradini, hakijui imekwenda wapi. Karibu kila fundisho lililo hapa chini linatoka kwenye mapungufu hayo. Namba nilizotumia ni za mfano, nimezizungusha ili msomaji azifuate kwa kalamu.

1. Faida isiyo na tarehe haisemi kitu

"Nimeweka milioni 10, nimetoa milioni 20." Maneno haya nimeyasikia kwa wakulima, kwa walimu wastaafu, kwa wafanyabiashara wa mbao. Wote wanasema mtaji umezaa mara mbili, na wote wanasema kweli. Ila aliyeipata milioni 20 baada ya miaka 2, mtaji wake ulikua kwa asilimia 41 hivi kwa mwaka. Wa aliyesubiri miaka 5 ulikua kwa asilimia 15. Aliyesubiri miaka 10 hakufika hata asilimia 7.5.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachoomba ni safu ya miaka: mwaka 0 unatoa nini, mwaka 1 unatoa au unapokea nini, na kuendelea hadi mwisho wa mradi. Sitaki faida ya kwenye vitabu, yenye madeni ambayo wateja hawajalipa. Nataka fedha yenyewe, siku inapotoka na siku inapoingia.

2. Kikokotoe kwa mkono angalau mara moja

Programu ya hesabu kwenye kompyuta hutoa jibu kwa kufumba na kufumbua, na wengi huliamini kwa sababu hiyo hiyo. Mimi hupenda mtu ashike kalamu kwanza.

Chukua mashine ya kusaga nafaka ya shilingi milioni 12, pamoja na kuifunga na kuvuta umeme. Baada ya kulipa umeme, vipuri na kodi ya banda, inabakiza milioni 4 kila mwaka kwa miaka 5, kisha imechoka. Tunatafuta kiwango cha mwaka ambacho, tukikitumia kurudisha fedha za miaka yote mitano kuwa thamani ya leo, jumla yake italingana na milioni 12 zilizowekwa.

Hakuna njia ya mkato. Unabahatisha kiwango, unapima, unasogea. Jaribu asilimia 15: milioni 4 za kila mwaka zina thamani ya leo ya kama milioni 13.4. Hiyo inazidi milioni 12, kwa hiyo kiwango halisi kiko juu zaidi. Jaribu 25: inashuka hadi milioni 10.76, umepitiliza. Jaribu 20: mwaka wa kwanza unagawa milioni 4 kwa 1.2 unapata 3,333,333. Mwaka wa pili unagawa tena kwa 1.2 unapata 2,777,778. Wa tatu 2,314,815. Wa nne 1,929,012. Wa tano 1,607,510. Jumla ni 11,962,448. Umekaribia kabisa. Jibu ni asilimia 19.9 hivi.

Kompyuta nayo inafanya hivyo hivyo, inabahatisha na kusogea, ila kwa haraka. Mtu akishapita njia hiyo mwenyewe huona jambo ambalo jibu tupu halimwonyeshi: shilingi milioni 4 ya mwaka wa tano imebeba chini ya nusu ya uzito wa milioni 4 ya mwaka wa kwanza. Tangu hapo anauliza maswali makali zaidi kuhusu miaka ya mwanzo, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

3. Mshahara wako ni gharama

Bado tuko kwenye mashine ile. Mama mmoja alinionyesha hesabu inayofanana sana na hiyo, na asilimia 19.9 ilimpendeza kwa kuwa mkopo aliokuwa ameahidiwa ulikuwa wa asilimia 18. Nikamwuliza, "Mama, anayekaa kwenye mashine kutwa ni nani?" Akajibu, "Si mimi mwenyewe, mwanangu." Analipwa shilingi ngapi? Akacheka kwanza. Halafu akanyamaza.

Tukakubaliana kwamba mtu wa kukaa pale kuanzia asubuhi hadi jioni, apime, apokee fedha na kusafisha, hapatikani kwa chini ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 1.8. Toa kwenye milioni 4, zinabaki milioni 2.2. Zidisha kwa miaka 5 unapata milioni 11, wakati mashine imekula milioni 12. Hapo hakuna haja ya kutafuta kiwango chochote, maana mtaji wenyewe haurudi.

Sikumwambia asinunue. Mashine ile ingempa kazi ya kudumu karibu na nyumbani, na kazi hiyo ina thamani kwa mtu asiye na ajira nyingine. Lakini ni vizuri ajue anachonunua. Asilimia 19.9 haikuwa mapato ya mtaji wake. Yalikuwa malipo ya siku zake, yamekaa kwenye safu ya mtaji. Na pale anapotaka kukopa, tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu benki inadai marejesho hata mwezi ambao yeye ameugua na hakuna wa kushika nafasi yake bure.

Katika biashara za familia hili ndilo naliona kila mara: watoto wanaouza dukani baada ya shule, mume anayeendesha pikapu, shangazi anayelala shambani kulinda matunda. Andika mishahara yao yote kana kwamba ni watu baki. Mradi ukibaki umesimama, umesimama kweli.

4. Mkopo nao una kiwango chake cha ndani

Laiti ningeweza kufundisha jambo moja tu katika haya yote, ningefundisha hili, kwa sababu linagusa watu wengi zaidi kuliko wawekezaji.

Mkopo ni mradi uliogeuzwa: fedha inaingia kwanza, inatoka baadaye. Hesabu ni ile ile. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, "riba asilimia 3 tu kwa mwezi". Anayekopesha anazidisha: asilimia 3 ya 1,200,000 ni 36,000, mara miezi 12 ni 432,000. Jumla ya deni 1,632,000, rejesho 136,000 kila mwezi. Mkopaji anazidisha 3 kwa 12 na kuondoka akiamini amekopa kwa asilimia 36 kwa mwaka, ghali lakini inavumilika.

Sasa tafuta kiwango cha ndani. Ni kiwango gani cha mwezi kinachofanya marejesho 12 ya shilingi 136,000 yawe na thamani ya leo ya 1,200,000? Siyo 3. Ni 5.08. Kwa mwaka, ukizidisha tu kwa 12, ni kama asilimia 61. Ukihesabu riba juu ya riba, inafika 81.

Sababu yake ni nyepesi. Mwezi wa saba mkopaji amekwisharudisha sehemu kubwa ya ule mtaji, lakini bado anatozwa riba ya 1,200,000 nzima kana kwamba hajarudisha hata senti. Hiyo ndiyo riba isiyopungua. Mkopo unaotoza riba kwenye salio linalopungua, kwa asilimia 3 ile ile ya mwezi, ni kitu kingine kabisa, ingawa tangazo la ukutani linaweza kuandika tarakimu moja kwa mikopo yote miwili. Na kama kabla ya kupokea fedha umekatwa ada ya kushughulikia mkopo na bima, tuseme shilingi 36,000, basi mkononi umepata 1,164,000 huku marejesho yakibaki yale yale. Kiwango kinapanda hadi kama asilimia 5.6 kwa mwezi.

Nimewaona watu wakiweka mradi wa asilimia 40 kando ya mkopo wa "asilimia 36" na kufurahia ile 4 inayobaki katikati. Hakuna kinachobaki. Kiwango cha mradi na kiwango cha mkopo vikokotolewe kwa njia moja, kutoka kwenye fedha halisi na tarehe halisi, ndipo vilinganishwe.

Niseme neno kwa ndugu zangu wa pwani na visiwani wanaojiepusha na riba. Baadhi yao wameniambia kipimo hiki hakiwahusu. Kinawahusu. Katika mikataba ya ubia kama mudharaba au musharaka hakuna riba, lakini kuna mtaji, kuna mgao na kuna tarehe. Anayetoa mtaji ana haki ya kujua mgao wake, ukipimwa kwa mwaka, umekuwa na kasi gani. Kupima mapato yaliyokwishapatikana si kuahidiana riba.

5. Kasi haisemi mzigo ni mkubwa kiasi gani

Pikipiki ya bodaboda ya milioni 3 inayoleta milioni 2.4 mwaka wa kwanza na milioni 2 mwaka wa pili, thamani ya kuiuza ikiwa ndani yake, ina kiwango cha ndani cha kama asilimia 31. Mashine yetu ya kusaga, tukichukulia msimamizi ameshalipwa na bado inabakiza milioni 4, ina 19.9. Kijana mwenye milioni 12 atachagua nini?

Akifuata asilimia peke yake, atanunua pikipiki na kubaki na milioni 9. Swali linalofuata ndilo lenye uzito: hizo milioni 9 zitafanya nini? Kama zitakaa mahali zinapopata asilimia 15, basi tutumie hiyo 15 kama kizingiti na tupime kila mradi unaongeza utajiri kiasi gani kwa shilingi za leo. Hiyo ndiyo inayoitwa thamani halisi ya sasa. Pikipiki inaongeza kama shilingi 599,000. Mashine inaongeza kama 1,409,000. Mradi wa polepole umeuzidi wa haraka zaidi ya mara mbili, kwa sababu umebeba mtaji mwingi zaidi.

Je, pikipiki nne? Naam, kama anaweza kupata madereva wanne waaminifu na wateja hawapungui, pikipiki nne zinashinda. Lakini pikipiki ya nne mara nyingi haileti sawa na ya kwanza. Kijiwe ni kile kile na abiria ni wale wale.

6. Miti haina haraka, mwenye miti anayo

Anayepita barabara ya Mufindi huona misindano imepangwa mistari hadi upeo wa macho. Shamba la Serikali la Sao Hill ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa nchini, na kuzunguka hapo watu binafsi wamepanda ekari moja, mbili, kumi. Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoendeshwa na Tanzania pamoja na Finland kuanzia 2014, ilihimiza mbegu bora, kupogolea na kupunguza miti ili iliyobaki inenepe. Na bado miti mingi ya wakulima wadogo inakatwa ikiwa michanga, inapasuliwa na mashine ndogo zile zinazoitwa dingdong, inatoa mbao nyembamba.

Nilizoea kusikia wataalamu wakisema wakulima hao hawajui hesabu. Nimekaa nao, na hesabu wanaijua. Tatizo liko kwenye kipimo gani kinaulizwa swali gani.

Chukua ekari moja iliyogharimu 800,000 kupanda na kutunza, tuweke zote mwaka 0. Mwaka wa 9 mnunuzi anatoa milioni 4 kwa miti iliyosimama. Mwaka wa 14 miti hiyo hiyo, minene, ya kutoa mbao pana, ingeuzwa milioni 8. Kiwango cha ndani cha kuvuna mwaka wa 9 ni asilimia 19.6. Cha mwaka wa 14 ni 17.9. Kwa kipimo hiki, kata mapema.

Sasa uliza vinginevyo. Anayeacha miti kutoka mwaka wa 9 hadi wa 14 anaacha milioni 4 shambani, na baada ya miaka 5 zinakuwa milioni 8. Hiyo ni asilimia 14.9 kwa mwaka, na ndiyo namba inayofanya uamuzi. Mwenye akiba nyingine, ambaye fedha yake ingemletea asilimia 12, anapoteza akikata mwaka wa 9. Kwa kizingiti cha 12, uvunaji wa mwaka wa 9 unaongeza kama shilingi 642,000 za leo, wa mwaka wa 14 kama 837,000. Na hata tukikumbuka kwamba anayekata mapema anapanda tena mapema, jambo ambalo bwana misitu Mjerumani Martin Faustmann aliliingiza kwenye hesabu mwaka 1849, pengo linapungua lakini haligeuki: ekari ile, ikipandwa na kuvunwa mfululizo, ina thamani ya kama milioni 1.05 kwa mzunguko wa miaka 14 na milioni 1.00 kwa mzunguko wa miaka 9.

Lakini mwenye deni la asilimia 18 je? Kwake kusubiri kwa asilimia 14.9 ni hasara. Mzee mmoja wa Mufindi, nilipomweleza habari za mwaka wa 14, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, ada ya shule haingoji mti unenepe." Alikuwa na mtoto anayeingia kidato cha tano, na njia nyingine iliyokuwa mbele yake ilikuwa mkopo wa aina niliyoieleza kwenye fundisho la nne. Ukilinganisha asilimia 14.9 za miti yake na asilimia 60 na zaidi za mkopo ule, alikuwa sahihi kukata. Tulichofanya ni kukata nusu ekari, ya kutosha ada, na kuiacha nyingine.

Kenneth Boulding, ambaye mwaka 1935 aliandika juu ya kiwango hiki na kukiita cha "ndani", alikiita hivyo kwa kuwa kinatoka ndani ya mradi wenyewe bila kuuliza soko la fedha linasemaje. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na kwa mzee wangu ndipo kilipopungukiwa. Mti wake una kiwango kimoja. Yeye mwenye mti ana kingine, na hicho hakiko ndani ya mti.

7. Mwaka mmoja wa kuchelewa unauma kuliko bei kushuka kidogo

Parachichi aina ya Hass imewavuta watu wengi Njombe. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na mavuno mazuri huja kuanzia wa tano na kuendelea. Tuseme ekari inataka milioni 3 mwanzoni, 600,000 za matunzo mwaka wa 1 na wa 2, kisha inaleta 800,000 mwaka wa 3, milioni 1.5 mwaka wa 4, 2.5 mwaka wa 5, na milioni 3 kila mwaka kuanzia wa 6 hadi wa 10. Kiwango cha ndani ni kama asilimia 28.

Sasa chelewesha uzaaji kwa mwaka mmoja tu. Miche ilikuwa dhaifu, au maji ya kiangazi hayakutosha. Unaongeza 600,000 za matunzo mwaka wa 3, na mapato yote yanasogea mbele mwaka mmoja. Faida kwa shilingi tupu imeshuka kutoka milioni 15.6 hadi milioni 15. Mtu haoni kitu cha kumtisha. Kiwango cha ndani kimeshuka hadi kama 22. Asilimia sita zimepotea kwa sababu ya mche mbovu.

Tangu nilipoanza kuwaonyesha watu namba hizi mbili zikiwa bega kwa bega, mazungumzo kuhusu kitalu yamebadilika. Mtu aliyekuwa akibishana juu ya mche wa bei nafuu anaanza kuuliza umebebeshwa na nani, kikonyo kimetoka mti gani. Na anayetaka kulima wakati mabomba ya maji hayajafika anakubali kusubiri maji kwanza, kwa kuwa fedha ambayo haijatoka mfukoni haijaanza kuhesabiwa muda.

8. Chunguza mstari wa mwisho

Nyumba ya kupangisha ndiyo uwekezaji unaopendwa na wastaafu, na ndipo kiwango cha ndani kinapoweza kubebwa na ndoto. Nyumba ya milioni 40, kodi safi ya milioni 3.6 kwa mwaka, miaka 10, kisha inauzwa. Kwa bei gani? Aliyeandika milioni 80 anapata kiwango cha asilimia 14. Milioni 60, chini kidogo ya 12. Milioni 40, asilimia 9 kamili.

Kodi haikubadilika hata kidogo katika hesabu hizo tatu. Kilichobadilika ni makisio ya siku moja iliyoko miaka 10 mbele. Katika hesabu ya asilimia 14, zaidi ya nusu ya thamani ya leo inatoka kwenye mauzo hayo. Kwa hiyo huwa napiga hesabu mara mbili, mara ya pili nikiuza kwa bei ile ile ya kujengea, na ninaziandika zote kwenye karatasi moja. Na ninauliza swali ambalo familia nyingi hazipendi: kweli mtaiuza? Nyumba ya baba mara nyingi haiuzwi. Kama haiuzwi, mwekezaji anapata kodi tu, na bei ya mauzo ifutwe.

9. Kuna miradi yenye majibu mawili

Haya ni nadra kwa biashara ndogo, lakini anayeshughulika na machimbo au eneo la kukodi linalodai kurudishwa lilivyokuwa ayajue. Fedha ikitoka, ikaingia, kisha ikatoka tena kwa wingi mwishoni, kiwango cha ndani kinaweza kuwa zaidi ya kimoja. James Lorie na Leonard Savage wa Chuo Kikuu cha Chicago walilieleza tatizo hili mwaka 1955, na mfano unaorudiwa vitabuni ni wa pampu kubwa ya mafuta: toa 1,600 leo, pokea 10,000 zaidi mwakani, kisha poteza 10,000 mwaka unaofuata kwa kuwa kisima kimekauka mapema. Asilimia 25 inajibu. Asilimia 400 inajibu pia. Ukikutana na hali hiyo, weka kiwango hiki kando na utumie thamani halisi ya sasa.

10. Fuatilia fedha inaporudi

Mwaka 2021 Tanzania ilianza kuuza hatifungani ya Serikali ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95, inayolipwa kila nusu mwaka. Aliyeweka milioni 10 anapokea shilingi 797,500 mara mbili kwa mwaka, na mwishoni anarudishiwa milioni 10 zake. Watu wengi waliniuliza, "Kwa hiyo mtaji wangu utakua kwa karibu asilimia 16 kila mwaka kwa miaka 25?"

Inategemea mfuko gani utapokea zile 797,500. Mstaafu anayezila, na ana haki ya kuzila, kwa miaka 25 atakuwa amekula kama milioni 39.9, na mwisho ana milioni 10 zile zile, ambazo mfumuko wa bei umezitafuna. Anayeweka kila malipo mahali panapompa asilimia 8 kwa mwaka, nayo ikihesabiwa kila nusu mwaka, atamaliza na kama milioni 132, ukuaji wa karibu asilimia 10.9 kwa mwaka. Ambaye angeweza kurudisha kila malipo kwa asilimia 15.95 ile ile, bila kukosa hata mara moja, angemaliza na zaidi ya milioni 460. Kiwango cha ndani cha hatifungani yenyewe ni kile kile kwa wote watatu.

Swali hili liulizwe kwa kila mradi unaorudisha fedha haraka. Pikipiki ya asilimia 31 inakurudishia mtaji ndani ya miaka 2, halafu? Kama mwaka wa tatu fedha hiyo imelala kwenye akaunti isiyolipa kitu, ukipima miaka 5 nzima mashine ya kusaga itakuwa imeipita kwa mbali. Siku hizi, kwenye karatasi ya kila mteja, chini ya safu ya miaka, naongeza mstari mmoja wa kuandika fedha ya kila mwaka itakwenda wapi ikishatoka mradini. Wengi hukaa nao muda mrefu kuliko mistari mingine yote, na baadhi huomba wakaujaze nyumbani pamoja na wenza wao.